Muulize Ami: Kwanza tazama mwezi, ndipo upange safari

Barua za watu wanaotaka kutazama ndege zimekuwa nyingi, na karibu zote zauliza habari za pwani yetu hii ya Kenya: hori la Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, Gede na Sabaki. Mimi ni mtu wa Watamu, mwana wa mvuvi, na kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Kwa hiyo mara hii nimeomba kurasa zaidi, na mhariri kanikubalia kwa shingo upande.

*Ami, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho ana miaka saba. Likizo ya Desemba tunataka kutoka Kisauni twende tukatazame ndege Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na pale mto Sabaki unapoingia baharini. Mume wangu asema yote yanawezekana kwa siku moja, mradi tutoke alfajiri. Mimi naona hizo ni mbio za sakafuni. Wewe wasemaje? — Mama wa Watatu, Kisauni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kwa upande wa barabara mume wako hakukosea. Kutoka kwenu mpaka Gede ni kama kilomita mia moja, msitu na hori la Mida vyote viko kando ya barabara hiyo hiyo ya Malindi, na Sabaki iko mbele ya Malindi kidogo tu. Gari litafika kote. Ila mtafika Mida saa ambayo ndege wako upande wa pili wa tope, mbali hata kwa darubini, na mtoto wa miaka saba ataanza kuuliza mnarudi nyumbani saa ngapi.

Mida hufuata maji. Maji yakitoka, tope lote hubaki wazi na ndege hutawanyika kula. Maji yakianza kuingia, yanawasukuma polepole kuelekea ukingoni, ulipo wewe. Yakijaa kabisa hadi ndani ya mikoko, wanakosa pa kukanyaga na wanaruka kwenda kupumzika kwingine. Unachotaka wewe ni zile saa mbili hivi kabla ya maji kujaa.

Sasa hesabu, nayo wazee wetu waliijua bila saa ya mkononi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji makubwa: pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka mno mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika tarehe 5 hadi 7 za mwezi mwandamo, au 19 hadi 21, maji yanajaa baina ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Hizo ndizo siku zenu. Mnakuwa Mida saa kumi na mbili, jua halijawa kali, na ndege wanasogezwa kwenu mkiwa mmekaa. Mkienda siku ya bamvua yenyewe, saa nzuri inaangukia saa nane mchana, na jua la Desemba la saa nane si la kumwekea mtoto. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, nazo si mbaya, ila maji hayapandi sana, basi ndege hawana haraka ya kusogea.

Tarehe za mwezi ni za kukadiria. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la Kilindini kwa mwaka mzima; litazame, kisha ongeza muda kidogo, kwa sababu mlango wa Mida ni mwembamba na maji ndani ya hori hukawia kuliko baharini. Ukimpata mvuvi wa Mida, muulize yeye na uliache jedwali.

Mpango wangu kwenu basi ni huu. Lala Gede au Watamu siku mbili. Asubuhi ya kwanza, Mida. Ingieni kwa ile njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Daraja hilo hutikisika na watoto hulipenda kuliko ndege, waacheni walimalize kwanza. Kisha kaeni kibandani. Msitembee. Desemba mtawaona vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wa aina nyingi, sululu wenye midomo iliyopinda chini, heroe (flamingo) mwaka wakijaaliwa, na yule nimpendaye kuliko wote, mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa kitwitwi yeyote. Waambie watoto wamtafute mwenye rangi ya kijivujivu anayemfuata mkubwa nyuma nyuma akilia. Huyo ni mtoto wake. Amesafiri na wazazi wake kutoka ng'ambo ya bahari na bado anaomba kulishwa.

Mchana lala, au nendeni Dabaso mkale sambusa za kaa juu ya mikoko. Jioni tembeeni magofu ya Gede. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, lakini kwetu sisi watu wa ndege faida yake ni ile miti mikubwa iliyoota ndani ya kuta: hondohondo, kulukulu, na tumbili wa kuwachekesha wadogo.

Asubuhi ya pili ni msitu. Muwe kituo cha msitu cha Gede kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na mchukue mwelekezi wa pale pale. Siongezi biashara ya wenzangu. Msitu una kilomita za mraba kama 420, njia zake zafanana, na ndani wamo tembo. Tena ndege wa msituni hutembea kwa makundi ya mchanganyiko. Utakaa robo saa usisikie kitu, kisha juu ya kichwa chako wapite ndege wa aina kumi kwa mpigo, na mwelekezi ndiye anayewajua kwa sauti. Kufika saa nne msitu umenyamaza. Kwa mtoto, mwombeni mwelekezi awaonyeshe isanje, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu. Nje ya msitu huu na vichaka vichache vya jirani, haonekani popote duniani.

Sabaki iacheni. Ni matembezi ya mchangani na kwenye tope, na mtoni wamo viboko. Rudini wenyewe wawili, watoto wakiwa kwa nyanya yao.

Ada za hifadhi na za magofu siku hizi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, si fedha taslimu getini. Lipa usiku ulipo na mtandao, na mbebe vitambulisho, la sivyo mtatozwa kama wageni. Ada ya daraja la Mida, ambalo ni la kijamii, hulipwa mbali, hapo hapo.

*Mzee, nataka kununua darubini. Hapa Mtwapa naziona barabarani zimeandikwa 30x60 kwa bei ya chini kabisa. Je, zinafaa? — Kijana wa Mtwapa*

Hazifai, mwanangu. Namba hizo ni za kuuzia. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kitu kilichokuzwa mara thelathini mkononi hakitulii, na kidude kile hata mara thelathini hakifiki.

Tafuta 8x42. Watu hukimbilia 10x42 wakidhani zaidi ni bora, lakini pale Mida upepo wa kaskazi unapokupiga, zile mbili za ziada unazilipia kwa mtikisiko, na msituni unapata uwanja mwembamba wa kuona, ndege ameshahama ndipo unamkuta. Kama mfuko ni mdogo, 8x32 ni nyepesi na inatosha mchana.

Ukinunua iliyotumika, na hapa pwani nyingi ni zilizotumika, fanya mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Washa tochi ya simu, mulika ndani kwa upande wa kioo kikubwa, uchungulie: ukiona nyuzinyuzi au ukungu, hiyo ni kuvu, unyevu wetu umeshaila, rudisha. Kisha elekeza waya wa umeme ulio mbali, fumba jicho hili, fumba lile. Waya ukiruka juu na chini, mirija miwili haiko sawa, na itakuumiza kichwa ndani ya nusu saa. Ukishainunua, usiifute kwa shati lenye chumvi. Mimi hubeba kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi, ndani ya mfuko wa plastiki.

*Ami, naishi Nairobi, mke wangu ni mtu wa Kaloleni. Mimi ninachotaka zaidi ni kumwona bundi wa Sokoke. Mke wangu kasema nikimpeleka penye bundi atarudi kwao siku hiyo hiyo, na mama mkwe yuko upande wake. Nifanye nini? — Mkwe Mwema, Nairobi*

Umeniuliza la ndege na la ndoa, nami nitakujibu la ndege.

Bundi wako ni mdogo, urefu wake hauzidi sentimita 17 hivi, uzito wake gramu 50 au zaidi kidogo. Alijulikana kwa wanasayansi miaka ya 1960 tu, na makao yake makubwa ni hapa kwetu. Wengine wako chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Ndani ya Arabuko-Sokoke hakai kila mahali. Msitu huu una sura tatu. Upande wa pwani kuna msitu wa mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati kuna mirihi, miti mirefu yenye nafasi, na huko ndiko aliko yule mnana wa Kilifi, mweusi na manjano, ambaye haonekani nje ya kaunti hii. Mbele zaidi, ardhi inapogeuka nyekundu, ni mfunda, vichaka vilivyosongamana vya kumzuia hata mbuzi. Bundi wako ni wa mfunda.

Habari njema ni kwamba humwoni usiku. Usiku utamsikia tu, mlio mmoja unaorudiwa rudiwa bila kuchoka. Mchana ndio anaonekana, amelala kwenye tawi, mara nyingi wawili bega kwa bega, kwa kimo cha kifua chako au chini ya hapo. Waelekezi huwafuatilia na huwa na fununu wamelala wapi wiki hiyo. Atakwambia simama njiani, ataingia yeye kichakani, kisha atakupungia mkono. Utaingia kwa tumbo na magoti. Vaa mikono mirefu, kuna miiba.

Kwa hivyo mke wako hana haja ya kukesha wala kusikia sauti yoyote. Akitaka abaki kwenye mirihi na mwelekezi wa pili akitafuta chozi wa Amani, ndege mdogo wa juu ya miti, ambaye sijasikia mama mkwe yeyote akimlalamikia. Wewe nenda mfunda, umwone, toka. Na usimtanie kwa jambo hili. Wengi wa waelekezi wa msitu ni watoto wa vijiji vya hapa hapa, wamelelewa kwa maneno yale yale ya bundi, na hadi leo wako wanaomtafuta asubuhi kwa ajili ya mgeni na jioni wakimsikia juu ya paa la nyumba hawafurahi hata kidogo.

Jambo moja la majira: Mei usije kwa bundi. Ule udongo mwekundu ukinywa mvua, gari halifiki na wewe hufiki.

*Mwalimu wetu wa ndege, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mariakani. Nina wanafunzi arobaini wa klabu ya mazingira, basi la shule na pesa kidogo. Darubini tunazo mbili. Inawezekana? — Mwalimu wa Klabu*

Inawezekana sana, mwalimu mwenzangu. Darubini mbili zinatosha ukichagua mahali ambapo ndege wako karibu na ni wakubwa.

Andika barua mapema. Wanafunzi wana viwango vyao vya ada, lakini havipatikani kwa basi kutokea getini bila barua ya shule. Gawa watoto kumi kumi, kila kundi na mtu mzima mmoja. Daraja la Mida halibebi arobaini kwa mara moja na kibanda ni kidogo, basi zungusha: kundi moja kibandani, moja kwenye mikoko likijifunza kutofautisha mkoko, mchu na mkandaa, na mengine mawili yapeleke Gede kwenye mradi wa Kipepeo, ambako tangu 1993 wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi na kuuza ng'ambo mabundo, yaani viwavi waliojifunga tayari kugeuka vipepeo. Watoto wako watoka kwenye mashamba. Wataelewa upesi kwa nini mtu anayeuza vipepeo hataki msitu ukatwe. Na waambie pia kwamba sehemu ya wanacholipa watu kwenye daraja la Mida inaingia kwenye mfuko wa karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na hori na msitu. Mpango huo waitwa ASSETS, unasimamiwa na shirika la hifadhi la A Rocha Kenya, ofisi yao iko Watamu.

Usiwape kazi ya kuorodhesha majina. Wape kazi ya kuangalia: nani anachoma tope haraka haraka, nani anakimbia akisimama, nani anasubiri tuli. Mdomo mrefu unafika kwenye mnyoo aliye chini, mfupi unaokota cha juu, na ndiyo maana ndege wa aina nyingi hula kwenye tope moja bila kugombana sana. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, halisahau. Jina atalipata kitabuni baadaye.

Mashati meupe ya shule wayaache nyumbani. Waje na fulana za michezo, ikiwa si za manjano.

Na kama klabu yako itadumu, jueni kwamba kila Januari ndege wa majini huhesabiwa nchini, na watu wa kujitolea hukaribishwa. Mtoto wa darasa la saba aliyewahi kuhesabu heroe kwa makumi makumi huwa hachoki na hisabati.

*Ami mpenzi, mimi niko Muscat, mama yangu ni wa Malindi. Nitakuja Julai, likizo ya watoto. Nimesoma kwamba yule ndege mweupe mla kaa ni maarufu Mida. Nitamwona? — Bint wa Malindi, Muscat*

Mwanangu, wewe unaacha wali nyumbani unakuja kuomba makoko. Julai mla kaa yuko kwenu.

Ndege huyu, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu, huzaa kandokando ya bahari za huko: pwani na visiwa vya Oman, Falme za Kiarabu, Iran, Eritrea, Somalia. Huzaa miezi ya joto kali, baina ya Aprili na Agosti. Na huzaa kwa namna ambayo hakuna ndege mwingine wa ufukweni afanyayo: huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja tu, jeupe, na kinda hubaki chini huko akiletewa kaa. Juu mchanga unachoma, chini pana ubaridi wa kumwezesha yai kukaa hata mzazi akitoka kutafuta chakula. Agosti ikiisha huanza kushuka kwetu na watoto wao, hukaa kaskazi yote, na Aprili wameondoka. Julai Mida utapata wachache, vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hawakuona sababu ya kurudi. Hata hao ni bahati.

Ukitaka kuwaona kwa wingi bila tikiti ya ndege, subiri majira ya baridi uende Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah. Ni moja ya fukwe za tope kubwa kabisa katika Bahari ya Arabu. Mamia ya maelfu ya ndege wa ufukweni hukaa hapo baridi nzima, na wala kaa wamo kwa maelfu. Ni jangwa na ardhi ya chumvi inayozamisha magari, kwa hiyo usiende kwa gari moja wala bila mtu anayeijua njia.

Sasa usivunjike moyo wa kuja. Julai ni kusi, nayo ina wageni wake, ambao anayekuja Desemba hawaoni kamwe. Nenda Sabaki. Mto huo ndio Athi wa Nairobi na ndio Galana wa Tsavo, umebadilisha jina njiani, na unamwaga tope lake jekundu kaskazini ya Malindi. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi hukusanyika hapo ndege kutoka Madagaska, Glareola ocularis: mabawa marefu, mkia mfupi, kahawia, na mstari mweupe chini ya jicho. Huzaa Madagaska, kisha huvuka bahari kuja kukaa kwetu, na Sabaki ni moja ya mahali pachache duniani pa kuwaona kwa mamia, mwaka mwingine kwa maelfu. Mchana wanalala kwenye michanga wakielekeza vichwa kwenye upepo wa kusi, na kwa kuwa wamefanana na mchanga utadhani hakuna kitu, mpaka mmoja ainue bawa. Jioni huruka juu kuwinda wadudu.

Chukua mwelekezi wa kijiji cha Sabaki, kipo kikundi chao, kwa ajili ya viboko na kwa ajili ya tope: mchanga unaokubeba leo kesho haukubebi, mto huhamahama. Vaa viatu usivyovijali. Kisha siku nyingine nenda Gede magofuni asubuhi na mapema, utembee taratibu, utazame chini kwenye majani makavu. Kusi hii hii huja kutoka kusini ndege mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi, akigeuza majani moja moja kutafuta wadudu. Ni adimu, yuko hatarini kutoweka, na hapendi kelele. Waache watoto mbali, au waahidi aiskrimu wakinyamaza.

Msalimie mama.

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Dar es Salaam. Kila siku Kenya, Kenya. Sisi tuende wapi? — Mwanachuo, Dar*

Marahaba, na kelele zako nimezisikia. Kwa msitu nenda Amani, juu ya Muheza, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Yule chozi niliyemtaja hapo juu jina lake limetoka huko, na bundi wa Sokoke yuko kwenye misitu ya chini ya milima hiyo. Uliza ofisini kwao kabla hujapanda mlima mzima, maana kule juu kwenye baridi hayupo. Kwa ufukwe nenda Saadani, ukodi boti mto Wami mpaka unapoingia baharini, mikoko pande zote, wadiria na furukombe njia nzima, na kwenye mashamba ya chumvi hukaa heroe. Hesabu ya maji ni ile ile niliyompa mama wa Kisauni. Ukiwa na nauli na wiki nzima, kuna delta ya Rufiji, lakini hiyo ni barua nyingine.

*Ami, wenzangu hupiga sauti za ndege kwa simu ili ndege watoke. Wengine wasema ni vibaya. Ukweli ni upi? — Msomaji, Kilifi*

Programu ya kutambua ndege kwa sauti ni msaada mkubwa, na ile ya Merlin ina ndege wa Kenya. Ipakue nyumbani, kwa kuwa ndani ya msitu mtandao hupotea. Kuisikiliza ni jambo moja. Kumchezea ndege sauti ni jambo jingine. Anadhani mwenzake kavamia eneo lake. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na kitu asichokiona. Kundi lako likiondoka, linakuja jingine na simu nyingine. Kwa ndege wa kawaida wa bustanini hasara si kubwa. Kwa bundi na kwa yule mwenye madoa wa Gede, mimi nikimwona mgeni wangu anatoa spika, namwambia airudishe mkobani, na akikataa tunarudi kwenye gari. Wako waliokwisha kuninyima bakshishi kwa hilo.

Toleo lijalo tutazungumzia delta ya Tana, ambayo iko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 2012, na watu watatu wameniuliza jinsi ya kufika Kipini. Leteni na maswali ya boti.